Nohi Bus ya Takayama: ukienda milima ya Hida haya ndo mabasi yenyewe

Kwa mwenye haraka jibu ni hili: Nohi Bus nawapa nyota nne na nusu kati ya tano. Kama unapanga kwenda Takayama na milima ya kule basi hawa ndo utakaosafiri nao karibu kila asubuhi, maana treni inapita Takayama kuelekea Toyama na huko milimani kwenyewe haigusi kabisa. Hiyo nusu nyota niliyoibana nitaieleza huko chini, na sio kitu cha kukufanya usiende.

Tuanze na ramani kidogo kwa ambaye hajafika. Takayama iko mkoa wa Gifu, katikati ya kisiwa cha Honshu, mji ulioko kama mita 570 juu ya usawa wa bahari na watu wengi wanaujua kwa ile mitaa ya nyumba za mbao za zamani. Kutoka Nagoya unapanda treni inaitwa Hida, masaa mawili na nusu hivi, sehemu kubwa ya njia mnafuata mto na mabonde mpaka unashuka kwenye hewa tofauti kabisa. Ukitoka stesheni kwa mlango wa mashariki stendi ya Nohi iko pembeni tu, na hilo peke yake nililipenda sana kwa sababu ukiwa na mtoto au begi zito hutaki kuanza kuulizia stendi iko wapi. Ndani kuna kaunta ya tiketi, kuna viti, kuna ubao wa ratiba, na nje kila njia ina namba yake ya pa kupandia. Kutoka hapo unaenda mashariki hadi Hirayu na Shinhotaka, unaenda magharibi hadi Shirakawa-go na kuendelea Kanazawa, unaivuka safu nzima ya milima hadi Matsumoto, mji wa mkoa wa Nagano, na kuna hadi basi la moja kwa moja la Shinjuku, Tokyo, ambalo linachukua kama masaa matano na nusu. Baadhi ya njia wanaziendesha kwa kushirikiana na wenzao, ile ya Matsumoto wako na Alpico na ile ya Shinjuku wako na Keio, kwa hiyo usishtuke umekata tiketi Nohi halafu likaja basi la rangi nyingine, we panda tu, tiketi ni ile ile.

Sasa kitu ambacho wageni wengi hawakijui na ndo kinafanya kampuni hii iwe na uzito: milima ile gari yako haikufikishi mwisho. Kamikochi, lile bonde la mita 1,500 hivi lenye mto wa maji maangavu na daraja la Kappabashi na vilele vya Hotaka vimesimama mbele yako, magari binafsi yalianza kuzuiwa 1975 na tangu 1996 hayaingii kabisa, siku yoyote. Barabara ya Norikura Skyline, ile inayopanda mlima Norikura, nayo magari binafsi yalipigwa stop 2003. Yaani hata Mjapani mwenye gari lake zuri anaendesha hadi Akandana kama anaenda Kamikochi, au hadi Honoki-daira kama anaenda Norikura, anapaki, anapanda basi kama mimi na wewe. Foleni na moshi vilikuwa vinaliumiza bonde na wakaamua bora watu wapande mabasi. Mi naona waliamua vizuri mno. Unasimama pale Kamikochi unasikia maji, hausikii honi.

Lakini maana yake ni kwamba basi ndo mlango wenyewe. Likichelewa wewe umechelewa, likiisha wewe umelala huko. Ndo maana nikipima kampuni kama hii siangalii sana siti laini au waifai, naangalia kama ile ratiba waliyobandika ukutani inaaminika, kwa sababu kitu unachonunua kwao hasa ni hiyo ratiba. Na hapo Nohi nawavulia kofia.

Angalia jinsi Hirayu inavyofanya kazi. Hirayu ni kijiji cha chemchemi za maji moto, kutoka Takayama ni kama saa moja, na njia zote za mashariki zinakutana pale: la Takayama linaingia, la Shinhotaka linaendelea, la Kamikochi linasubiri, la Norikura linasubiri msimu ukiwa wazi, la Matsumoto linapita. Unashuka moja unatembea hatua chache unapanda lingine. Ratiba zimepangwa zikutane, sio bahati, ukikaa pale kwenye benchi nusu saa unaona mabasi yanaingia karibu kwa pamoja, watu wanahama, madereva wanaangaliana wanapungiana mkono, halafu stendi inakuwa tupu kabisa mpaka wimbi lingine. La kwenda Kamikochi msimu wake linatoka karibu kila nusu saa na safari ni dakika 25 hivi. Kwa eneo la milima yenye vijiji vidogo vidogo hiyo ni huduma nzito sana, na unaifurahia zaidi ukijua kwamba nyuma ya zile dakika 25 kuna historia ya miaka.

Zamani kutoka upande wa Takayama kwenda upande wa Nagano mlikuwa mnapanda mlima wa Abo wenyewe, barabara ya kona juu ya kona hadi karibu mita 1,800, msimu wa watalii foleni za masaa, na theluji ikishaanguka barabara inafungwa hadi hali ya hewa ibadilike mwaka unaofuata. Handaki la Abo lilifunguliwa Desemba 1997, miezi michache kabla ya Olimpiki ya baridi ya Nagano, lina urefu wa zaidi ya kilomita nne na mnalipita kwa dakika chache tu. Kulichimba hakukuwa mchezo maana eneo lile liko jirani na mlima unaoitwa Yake ambao ni volkano hai, na Februari 1995 wakati wa ujenzi mvuke ulilipuka upande wa Nagano wafanyakazi wanne wakafariki. Mi nikipita mle ndani nawakumbuka hao watu. Basi la Takayama hadi Matsumoto linalopita hata katikati ya baridi kali, linapita kwa sababu yao.

Mkitoka Abo mnakata kuingia handaki lingine, la Kama, ambalo ndo lango la Kamikochi. Hili la sasa ni la 2005, lina kilomita moja na kitu lakini mwinuko wake ni kama asilimia 11, unasikia injini inabadilika sauti na mgongo wako unagandamizwa kwenye siti. Halafu ghafla mwanga, na katikati ya miti unaona ziwa Taisho, lile lililotokea 1915 baada ya mlima Yake kulipuka na kuuziba mto Azusa. Kuna kituo pale pale ziwani na ushauri wangu ni ushuke hapo, usiende hadi stendi kuu, halafu utembee kandokando ya mto hadi Kappabashi, ni njia tambarare ya kama saa moja, hata mzee anaimudu akienda polepole.

Lango la Kama linafungwa usiku, Julai na Agosti linafungwa saa mbili usiku na miezi mingine saa moja usiku, linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Basi la mwisho linatoka mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo kanuni yangu kwa milima hii yote ni moja: ratiba isome kuanzia chini. Tafuta kwanza basi la mwisho la kurudi, lipige picha hapo kwenye ratiba, alafu ndo uanze kupanga utafika saa ngapi na utatembea wapi. Watu wanafanya kinyume, wanaangalia la kwenda tu, na mchana unawaona wanakimbia njiani na mabegi mgongoni nyuso zimewaiva. Na usifikirie utapata teksi ya bei ya kawaida huko juu.

Jinsi ya kupanda, kwa ambaye hajazoea mabasi ya vijijini Japani. Hakuna konda, hakuna anayekuita, hakuna anayekusukuma. Kama umekata tiketi kaunta unaionyesha au unaiweka kwenye kisanduku wakati wa kushuka, umemaliza. Kama umepandia kituo cha njiani unachukua kikaratasi chenye namba mlangoni, halafu mbele juu ya dereva kuna skrini yenye namba zote na chini ya kila namba nauli yake, na nauli inaongezeka kadiri mnavyosogea, unaangalia namba yako inadai ngapi, ukikaribia kituo chako unabonyeza kitufe, basi likisimama kabisa ndo unainuka, unaenda mbele, unatumbukiza kikaratasi na hela kamili. Hapo ndo wageni wanakwama, hela kamili! Mashine pale mbele inachenji noti ya yeni 1,000 na sarafu kubwa, noti ya yeni 10,000 usiipeleke huko, utamweka dereva kwenye wakati mgumu na foleni nzima nyuma yako. Chenji mapema mjini, nunua hata chai. Mtoto wa shule ya msingi analipa nusu. Na usiinuke basi likiwa linatembea, dereva atakwambia kwa spika kwa upole lakini atakwambia.

Madereva sasa. Hawa ndo sababu ya nyota nyingi. Njia ya Takayama hadi Shinhotaka ni kama saa moja na dakika 35, na kuanzia Hirayu kwenda mbele mnashuka mabonde ya Okuhida, barabara inabana, kona nyingi, kuna sehemu basi kubwa na lori la mbao yanapishana unaona kioo cha pembeni kinapita karibu na ukuta, na bado kwenye mwendo wake hakuna kitu cha kukutisha. Hapigi breki za ghafla. Kabla ya kona anasema kwenye maiki taratibu kwamba basi litayumba, shikeni. Likisimama kituoni kwa muda anazima injini. Anavaa glovu nyeupe na kabla ya kuondoa gari ananyooshea kidole kioo cha kushoto, cha kulia, mlango, huku anajisemea mwenyewe kwa sauti kwamba ameviangalia, na anafanya hivyo kituo cha kwanza na anafanya hivyo hivyo kituo cha mwisho wakati basi limebaki na watu wanne. Nimewahi kuona bibi mmoja anashuka na mkongojo na mizigo ya sokoni pale njiani Tochio, basi zima lilisubiri, hakuna aliyeguna, dereva hakugusa gia mpaka bibi amevuka upande wa pili. Mabasi haya sio ya watalii peke yao, wako wanafunzi, wako wazee wanaoenda hospitali mjini, na ni vizuri mgeni ukumbuke umeingia kwenye usafiri wa watu wenye maisha yao. Begi la mgongoni livue uliweke mbele au magotini. Simu usiongelee ndani. Wapanda milima wenyewe wana zile kengele za kufukuzia dubu kwenye mabegi na wengi wakiingia ndani ya basi wanazifunika zisilie, ni heshima ndogo lakini inapendeza.

Okuhida ni vijiji vitano vya maji moto, Hirayu, Fukuji, Shin-Hirayu, Tochio na Shinhotaka, na basi hili linaviunganisha. Mi napendekeza kulala huko hata usiku mmoja badala ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Takayama. Ukishakuwa Hirayu uko katikati ya kila kitu, asubuhi unapanda basi la mapema la Kamikochi kabla umati haujafika, jioni unarudi unaloweka miguu. Pale stendi ya Hirayu penyewe kuna duka, kuna pa kula, na kuna sehemu ya kuloweka miguu kwenye maji moto, unasubiria basi huku umeweka miguu kwenye maji yanayotoka ardhini, yaani hapo ndo nilikata shauri kwamba hawa watu wanajua stendi inatakiwa iweje.

Mwisho wa njia ni Shinhotaka, na pale basi linakushusha karibu kabisa na ropewei, yaani mabehewa ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye waya. Yako ya hatua mbili, ya kwanza fupi, unashuka unatembea kidogo unapanda ya pili, na hiyo ya pili behewa lake lina ghorofa, ndo pekee la aina hiyo Japani nzima. Juu unafikia mita 2,156. Siku ya anga safi unaiona safu ya Hotaka na kile kilele chenye ncha cha Yari na mlima Yake unafuka moshi kidogo. Siku ya mawingu huoni kitu, kwa hiyo cheki kamera zao za mtandaoni asubuhi kabla hujapanda basi, sio ukishafika.

Haya, nusu nyota.

Njia ya Shirakawa-go ndo inayochanganya watu. Kijiji kile cha nyumba kubwa za mapaa ya nyasi, ambacho kiliingia orodha ya urithi wa dunia 1995, hakina treni, na kutoka Takayama ni dakika 50 tu kwa sababu tangu 2008 kuna handaki la Hida la kilomita 10.7, mnaingia humo ndani mnatembea dakika nane tisa hivi mnatokea bonde lingine kabisa. Safari nzuri, haina shida yoyote. Shida iko kwenye kubuku. Kwenye njia hiyo hiyo kuna mabasi ya lazima kubuku na kuna mabasi ya kupanda tu kwa foleni, yanapishana kwenye ratiba moja, na yale yanayoendelea hadi Kanazawa au Toyama ni ya kubuku. Ukiangalia haraka unaona saa tu, alama ndogo ya pembeni huioni. Mi ningependa watenganishe kabisa, rangi mbili, au mbao mbili, mtu aelewe kwa kutupa jicho. Na kwa kuwa inapita barabara ya haraka hairuhusiwi mtu kusimama ndani, siti zikiisha zimeisha, kwa hiyo yale ya foleni wikiendi ya majani mekundu unajikuta unasubiri la pili. Kama tarehe zako unazijua, buku. Na zile jioni chache za Januari na Februari wanapowasha taa kijijini juu ya theluji, hapo usiende kabisa kwa kubahatisha, tangu 2019 kuingia ni kwa kubuku tu na nafasi zinaisha mapema.

Kingine, mabasi ya jioni ni machache. Ukitoka kwenye ropewei alasiri ukalikosa moja unaweza kukaa saa nzima au zaidi. Hapa lakini naomba nisimame upande wa kampuni kidogo. Mabasi ya mikoani Japani yana upungufu mkubwa wa madereva, na tangu Aprili 2024 sheria za masaa ya kazi zimekazwa nchi nzima, dereva wa basi sasa kikomo chake cha masaa kwa mwaka kimeshuka kutoka 3,380 hadi 3,300 na mapumziko kati ya zamu moja na nyingine yametoka masaa 8 hadi angalau 9, na wanahimizwa yafike 11. Kampuni nyingi zimelazimika kupunguza safari. Mi mtu anayenipeleka kwenye zile kona za Okuhida namtaka awe amelala vizuri, kwa hiyo basi moja pungufu nalikubali. Ila wanaotoka na ratiba ya mwaka juzi waliyoikuta mahali wataumia, kwa sababu zinabadilika, na zinabadilika pia kwa msimu. Chukua mpya kaunta siku unayofika.

Mizigo nayo. Mabasi ya masafa marefu, yaani Shinjuku, Matsumoto na Kanazawa, yana buti chini, sanduku lako linaingia. La Shinhotaka ni basi la kawaida la abiria, halikutengenezwa kwa masanduku makubwa ya magurudumu, na ukiingia nalo unaziba njia ya wenzako saa nzima. Acha sanduku hotelini Takayama au kwenye makabati ya sarafu stesheni, panda na begi la siku moja au mbili. Au tumia huduma ya kusafirisha mizigo, Japani nzima wanayo, unatuma sanduku kutoka hoteli moja linakutangulia hoteli nyingine, ni moja ya vitu bora kabisa vya nchi ile.

Kwa kulinganisha, kuna kampuni moja ya sehemu nyingine ya Japani, jina naliacha, ambayo tovuti yao ilikataa kadi yangu mara kibao, nikapiga simu nikaambiwa nije kaunta, kaunta yenyewe ilikuwa inafungwa kabla basi langu la mwisho halijafika mjini. Nililala na wasiwasi. Tofauti na pale Takayama, ambapo yule mama wa kaunta alichukua karatasi ya ratiba, akachora duara kwenye basi langu la kwenda, akachora duara lingine kwenye la kurudi, akapiga mistari miwili chini ya lile la mwisho kabisa, akanirudishia kwa mikono miwili. Hatukuongea lugha moja hata kidogo na nilielewa kila kitu. Karatasi ile ilinifaa kuliko apu yoyote niliyonayo.

Norikura sijaiongelea vya kutosha na ndo njia ninayoipenda kuliko zote. Basi linapanda hadi Tatamidaira, mita 2,702, juu ya mahali miti inapokoma, na unashuka kwenye uwanja wa mawe na maua madogo ya milimani na mabaki ya theluji yanayokaa hadi kiangazi. Kutoka pale hadi kilele cha Kengamine, mita 3,026, ni saa moja na nusu hivi kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kupanda mlima maishani anaweza kusimama juu ya mita 3,000 na kurudi kula chakula cha jioni mjini. Ila fikiria, asubuhi ulikuwa mita 570, chini ya masaa matatu baadaye uko 2,702. Mwili unahisi. Nilishapata kizunguzungu nikidhani ni njaa, kumbe ni hewa nyepesi, kwa hiyo ukifika kaa kwanza, kunywa maji, tembea mwendo wa mtu asiye na haraka, usianze na mbio za picha. Beba koti hata Agosti. Na upepo ukiwa mkali au mvua ikizidi barabara inafungwa na mabasi hayapandi, huo ni uamuzi wa usalama, usigombane na mtu wa kaunta.

Bei. Ukilinganisha na mabasi ya mijini ni ghali, lazima niseme. Shirakawa-go nilienda kwa nauli iliyokuwa chini kidogo ya yeni 3,000 kwa mtu mzima, hiyo ni kwenda tu, na nauli za njia hizi zimekuwa zikipanda miaka ya karibuni. Familia ya watu wanne ikifanya Shirakawa-go siku moja na Shinhotaka siku nyingine, ukijumlisha na ropewei, ni hela ya kupangia bajeti kabisa. Kabla hujalipa tiketi moja moja uliza kaunta kama kuna pasi au tiketi ya pamoja ya basi na ropewei kwa msimu huo, huwa zinakuja na kuondoka, na wakiwa nayo wanakuambia wenyewe ipi itakupunguzia. Kukodi gari kunaonekana rahisi kwa familia hadi ukumbuke kwamba Kamikochi na Norikura utapaki na kupanda basi vile vile, na kwamba Desemba hadi Machi barabara zile ni za theluji na barafu na unahitaji matairi yake na mkono uliozoea. Kwa hela hiyo mi namwachia dereva wa Nohi, natazama dirishani.

Kuhusu msimu, Kamikochi inafunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa Novemba 15, Norikura Skyline ni Mei 15 hadi Oktoba 31, Shinhotaka na Shirakawa-go mabasi yanaenda hata wakati wa baridi. Ukitaka zote kwa safari moja ningekwambia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, majani yanaanza kubadilika juu kabisa Tatamidaira na yanashuka polepole wiki baada ya wiki hadi mabondeni, kwa hiyo wakati wowote ndani ya kipindi hicho kuna kimo fulani ambacho kimewaka rangi na kuna basi la kukufikisha. Tarehe 9 na 10 Oktoba Takayama wana sherehe yao kubwa ya magari ya mapambo na vyumba mjini vinajaa, hapo lala Hirayu, halafu teremka na basi la asubuhi, ukiwa umeshapigia picha lile la mwisho la kurudi.